Nairobi hadi New York: achana na kilomita, hesabu saa

Kila likizo ikikaribia, ndugu hunipigia simu kuniuliza New York ni mbali kiasi gani. Nikisema kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, ule wa New York, ni takriban kilomita 11,800 hushukuru, kisha hawajui waifanyie nini namba hiyo.

Uliza saa. Hapo napo tiketi ina mtego wake. Tuseme ni Januari, unaondoka Nairobi saa tano na nusu usiku na kutua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Shangazi yangu alihesabu kwa vidole akasema, "Kumbe ni saa saba tu!" La, shangazi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mahali penyewe. Ongeza nane ambazo New York iko nyuma ya Nairobi, zinakuwa kumi na tano. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba ongeza saba, maana Wamarekani husogeza saa zao mbele, sisi zetu hatuzigusi.

Kurudi ni kufupi zaidi, kama saa kumi na nne au pungufu, kwa kuwa upepo mkali wa huko juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Tarehe ndiyo huwaliza wengi. Tiketi ikisema 00:20 tarehe 15, basi ni usiku wa kuamkia tarehe 15: jioni ya tarehe 14 uwe umeshafika uwanjani. Nimeona watu wakiaga jamaa zao vizuri kabisa, siku moja baada ya ndege kuondoka.

Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018. Ukipitia Doha, ni kama saa tano halafu kumi na nne. Amsterdam, nane na nane. Kinachotofautisha ni muda wa kusubiri katikati. Mzee au mwenye watoto wadogo namshauri aongeze pesa apande ya moja kwa moja. Kijana asiye na mizigo aunganishe tu, anyooshe miguu.

Sisi wa Mombasa tuna safari kabla ya safari. Ndege ikiwa ya usiku, panda treni ya SGR ya asubuhi. Ya mchana ikichelewa utakimbizana na muda, na langoni mwa JKIA bado kuna ukaguzi.

Ukifika JFK na unaendelea, tuseme Minneapolis, mizigo utaichukua hapo hapo upite nayo forodhani, kisha uikabidhi tena, hata kama kule Nairobi iliandikiwa ifike hadi mwisho wa safari yako. Acha nafasi ya saa nne. Na kama ndege ya pili inaondokea LaGuardia, huo ni uwanja mwingine kabisa, kwa teksi. Hapo mimi huacha sita.