Maji ya Mwanza na kipimajoto "kibovu": kwa mwalimu anayeripoti kituoni

Kila mwaka ofisi yetu ya walimu hapa Mwanza hupokea sura mpya: ajira mpya wenye barua mkononi, na wale wa mafunzo kwa vitendo wanaokuja kwa wiki chache. Karibu wote wakishaonyeshwa kiti huniuliza swali lilelile: "Madam, projekta ipo?" Ipo. Imefungiwa kabatini kwa mwalimu wa taaluma, taa yake imefifia, na waya wake uliazimwa na mtu ambaye ameshahama. Lakini kabla sijakupeleka kabatini, kaa nikusimulie yangu.

Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha mgandamizo wa hewa kwa slaidi 41. Nilikesha nazo. Zilikuwa na rangi, mishale inayotembea, hadi picha ya mpanda mlima aliyevaa barakoa ya oksijeni. Kidato cha pili, watoto 78, madirisha nimeyaziba kwa khanga zangu mbili. Dakika ya 15 umeme ukakatika. Mpaka leo watu wanadhani kilichoniuma ni umeme. Kilichoniuma nilikiona nilipoziondoa khanga dirishani: wote walikuwa wananakili slaidi neno kwa neno, na mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "Madam, rudisha ile ya sita, sijamaliza." Nilikuwa nimewaletea ubao unaowaka taa, basi.

Mada hiyohiyo sasa naingia nayo hivi. Jiko dogo la gesi, sufuria, maji ya bomba nusu lita, vipimajoto vitatu kutoka maabara. Safu ya mbele inarudi nyuma hatua mbili, na kitambaa kibichi kiko karibu, maana maji ya moto hayana utani. Kabla ya kuwasha nauliza: maji haya yatachemka kwa nyuzi ngapi? Darasa zima kwa sauti moja: mia! Wamelikariri tangu shule ya msingi. Sawa, semeni makadirio yenu kwa vikundi, mmoja aandike ubaoni.

Orodha hiyo wanafunzi wangu wanaiita "mkeka", lugha ya vibanda vya kubeti vilivyojaa mitaani: tiketi ya ubashiri ni mkeka, na ukikosea umechanika. Mkuu wa shule hakulipenda neno hilo hata kidogo, akaniagiza tutafute jingine. Ubaoni tunaandika MAKADIRIO. Midomoni bado ni mkeka. Mimi nauhitaji kwa sababu moja tu: mtoto ambaye kadirio lake limeandikwa hadharani hawezi kusinzia. Ana chake pale mbele, anataka kujua kama kitachanika.

Msichana mmoja anasimama kando ya sufuria na kusoma kwa sauti. Themanini na nane. Tisini na mbili. Tisini na tano. Tisini na sita. Maji yanatokota, mapovu yanaruka, mvuke umejaa. Tisini na sita. Tisini na sita. Anageuka kunitazama kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

"Kipimajoto kibovu," anasema mtu.

Hapa ndipo ulimi utakapokuwasha. Unalijua jibu, umelisomea chuo miaka mitatu, unataka kulimwaga. Ng'ata ulimi. Uliza tu: tutajuaje kwamba ni kibovu? Wanadai cha pili. Kinasema 96. Cha tatu kinasema 97, na hapo wanagundua jambo jingine ambalo sikulipanga, kwamba vifaa vya bei nafuu hutofautiana kwa nyuzi moja bila haya. Lakini hakuna kinachosema 100. Basi moto ni mdogo! Ongeza moto: mapovu yanazidi, namba haisogei. Maji ya ziwani ni machafu! Mmoja anajitolea chupa yake ya maji ya dukani: 96. Yana chumvi! Tunatia vijiko vitatu vya chumvi, joto linapanda badala ya kushuka. Kijana aliyeleta hoja ya chumvi hadi leo wenzake wanamwita Chumvi.

Kengele inagonga, watuhumiwa wote wameachiwa huru, na sijawapa jibu. Nawaruhusu waende nalo hivyohivyo. Mara ya kwanza nilijisikia mwizi wa vipindi. Jioni ile mama mmoja akanipigia simu kuuliza kwa nini mwanawe amemaliza gesi ya nyumbani akichemsha maji.

Simu ya mkononi naiingiza darasani siku ya pili. Kuna programu inaitwa phyphox, ya bure, iliyotengenezwa chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Inachofanya ni kukufungulia vihisi vilivyomo ndani ya simu yako: cha mwendo, cha sauti, cha mwanga, cha sumaku, na kwa baadhi ya simu cha mgandamizo wa hewa. Nimesema baadhi. Simu nyingi za bei ya chini hazina hicho cha mwisho, yangu ikiwemo, kwa hiyo naazima ya mwalimu wa jiografia na kumlipa kwa kumshikia zamu. Jaribu nyumbani kabla ya kipindi. Hakuna aibu kama kuiinua simu mbele ya watoto 78 ikakuandikia kwamba kihisi hakipo.

Simu ile ilisoma karibu 885, kwa kipimo cha hektopaskali. Nikawaandikia kwamba wastani wa usawa wa bahari ni 1013, nikanyamaza tena. Ikachukua muda. Halafu mmoja akauliza kwa sauti ya chini: "Kwani sisi tuko juu?" Ndilo jibu lenyewe: ukipanda juu mgandamizo wa hewa hupungua, na ukipungua maji huchemka kwa joto dogo zaidi.

Elewa uzito wa swali hilo kwa mtoto wa hapa. Maisha yake yote ziwani ni kuteremka. Unateremka Mwaloni kununua dagaa, unateremka Kamanga kupanda kivuko. Ziwa ndiyo chini kuliko kote. Sasa anaambiwa uso wa Ziwa Victoria lenyewe uko takribani mita 1,134 juu ya bahari, kwamba wavuvi wa Igombe wanavua mahali palipoinuka kuliko vilima vyote vya Dar es Salaam. "Madam unatupanga," walisema. Hawakuamini, na walikuwa na haki.

Basi tukatafuta ushahidi. Nina wenzangu wawili niliosoma nao chuo, mmoja anafundisha Dar, mwingine Mbeya. Tuna kundi letu la WhatsApp ambalo mpaka hapo kazi yake ilikuwa salamu za sikukuu na malalamiko ya posho. Nikawaomba wachemshe maji mbele ya madarasa yao na kunitumia picha ya kipimajoto. Dar ikaja: 100. Mbeya, mji ulio kwenye mita kama 1,700, ikaja: 94. Wanafunzi wangu wakachora nukta tatu kwenye karatasi ya grafu, wakaweka rula, na nukta zikakaa karibu kabisa kwenye mstari, nyuzi moja chini kwa kila mita 300 hivi. Chumvi akaurefusha mstari wake hadi ukatoka nje ya karatasi, akaongezea karatasi nyingine kwa gundi, akafika Kilimanjaro, mita 5,895, akasoma 80. Hajawahi kuuona mlima huo kwa macho yake, na namba yake haiko mbali na ukweli.

Gharama yote ilikuwa bando la kawaida na gesi kidogo. Angalia mpangilio lakini. Ningeanza na ile 885, ingekuwa tarakimu ya kunakili kama slaidi ya sita. Ilipata maana kwa sababu ilikuta swali limeshawakera tangu jana.

Kunyamaza ni kugumu, usijidanganye. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliwarekodi walimu kwa kinasa sauti na kukuta kwamba wakishauliza swali wengi husubiri sekunde moja tu, au hata pungufu, kabla ya kudakia. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza. Sekunde tatu darasani ni kama mwaka. Mimi nahesabu moyoni: sangara mmoja, sangara wawili, sangara watatu.

Na likija swali la ajabu, usicheke. Nchi hii ina somo lake juu ya hilo. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ungali moto umeganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipouliza darasani mwalimu wake hakumwamini, akachekwa. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alikubali kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo. Wewe utakuwa mwalimu yupi kati ya wale wawili, hilo sikuamulii.

Lugha. Hapa sina jibu safi. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza, lakini yule aliyeuliza "Kwani sisi tuko juu?" asingeuliza kama ningemlazimisha atafsiri kwanza. Ninachofanya: kubishana ni kwa Kiswahili, hata Kisukuma kikipenya sikifukuzi, kuandika hitimisho daftarini ni kwa Kiingereza, na maneno mapya nayaacha kona ya ubao wiki nzima. Mkaguzi mmoja hakupendezwa. Wewe pima upepo wa kituo chako.

Utaniuliza simu moja itawatosha vipi watoto 78. Haiwatoshi, na wao hawaruhusiwi kuja nazo. Ndiyo maana kuna msomaji. Mtu mmoja anashika kifaa na kutangaza namba, vikundi vyote vinaandika, na kila baada ya namba tano msomaji anabadilishwa. Wanagombania kazi hiyo kuliko kugombania mpira. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni, maana siku moja ujumbe wa mkopo wangu ulisomwa kwa sauti kubwa pamoja na nyuzi za joto.

Kompyuta ya shule ikiwepo, pakua mapema maigizo ya kisayansi ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yanafanya kazi bila intaneti. Yatumie kwa visivyoonekana: chembe za gesi zikigonga kuta, elektroni kwenye waya. Usiwaonyeshe igizo la sufuria wakati sufuria unayo.

Kwa mwalimu wa jiografia: fimbo wima uwanjani, pima kivuli kila dakika kumi kuanzia saa tano na nusu. Watabeti kwamba kifupi kuliko vyote kitakuwa saa sita kamili. Mwanza iko karibu nyuzi 33 za longitudo mashariki, saa zetu zinafuata nyuzi 45, na kila nyuzi ni dakika nne, kwa hiyo jua linachelewa kama dakika 48, likipungua au kuongezeka robo saa hivi kutegemea mwezi. Mkeka unachanika darasa zima.

Wa baiolojia watataka kwenda ufukweni kuhesabu magugu maji. Nendeni, lakini miguu isiingie majini. Minyoo ya kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, na maji yanayoonekana shwari pembeni penye majani ndiyo makazi yao. Chota kwa ndoo yenye kamba, mmwagie kwenye beseni, vaa glavu.

Haya yote siyafanyi kila kipindi. Silabasi ni ndefu, na vilivyo vingi kati ya vipindi vyangu ni chaki na mdomo. Mada moja kwa mwezi inanitosha. Mtihani nao una masharti yake: nawaambia waziwazi kwamba wakiulizwa kiwango cha mchemko cha maji waandike 100 na waongeze "kwa mgandamizo wa usawa wa bahari", kwa Kiingereza chake. Mwaka jana kuna aliyeandika "96, nimeona mwenyewe". Nilimpa nusu alama, na bado sina hakika kama nilimdhulumu.

Muhula huu wametaka kupanda kilima cha nyuma ya shule na jiko. Nikawauliza kilima kina urefu gani, wakasema labda mita 100. Wakapiga hesabu wenyewe kwa ule mstari: theluthi ya nyuzi, na kipimajoto chetu hakioni kitu kidogo hivyo. Walinyong'onyea. Halafu msichana yule wa sufuria akasema simu huenda itaona. Tulipanda Ijumaa baada ya vipindi, mwalimu wa jiografia nyuma kabisa akihema na kulilia simu yake, msomaji mbele juu ya mawe: 885. 882. 879. Pale juu kabisa, ziwa likiwa limetandazwa lote chini yetu, akasoma 875, na nyuma yake watu kumi wakaanza kubishana ingesoma ngapi tukishuka hadi Kamanga.