Stadi ya ngazi ya pembeni imekatika: usikimbilie kuchomelea

Pole ndugu. Nimekuelewa: unafunga ngazi za pembeni kwenye pikapu, umekaza nati, stadi moja (bolti isiyo na kichwa, inayokaza ngazi kwenye gari) imekatika, na fundi wa mtaani anataka kuichomelea. Mzuie kwanza.

Lala chini uangalie: stadi imefungwa kwa nyuzi, au imechomelewa kwenye bodi tangu kiwandani? Iliyochomelewa haifunguki hata uhangaike hadi jioni. Isage isawazike na bati, toboa hapohapo, weka bolti na nati, mradi mkono unafika kwa nyuma.

Ikiwa ni ya nyuzi na kipande kimechomoza, pulizia WD-40 (dawa ya kulegeza kutu), iache usiku kucha, kisha ishike kwa vaisigripu (koleo la kujifunga) uilegeze taratibu, huku na huku. Ikikatikia ndani, piga alama katikati kabisa, anza na keekee ya milimita 3. Ya M8 (unene wa milimita 8) yenye nyuzi za kawaida hutobolewa hadi milimita 6.8, ndipo uchonge nyuzi upya. Angalizo: kile chuma cha kung'olea stadi ni kigumu lakini hukatika upesi. Changu kilikatikia ndani, nikajuta!

Stadi na bolti utapata mtaa wa Gerezani. Nenda na sampuli. Paka rangi palipotobolewa, maana hewa ya bahari hapa Dar haina huruma na chuma.

Ikibidi kuchomelea, chomoa betri na ukague mabomba ya mafuta na breki. Kama tundu liko kwenye chasisi yenyewe, mpelekee fundi bodi mzoefu.