Wewe si mti

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza programu ya simu inayoonyesha menyu za mikahawa ya Sinza na Kijitonyama. Kila nikiiomba seva menyu kupitia API (njia ya programu moja kuomba data kwa nyingine), inanirudishia kosa 403. Nataka mteja asome ujumbe wa Kiswahili. Niandike "Hauna ruhusa ya kuona menyu" au "Hauna idhini"? (Msomaji, Kijitonyama)

JIBU: Marahaba. Ruhusa na idhini zote mbili asili yake ni Kiarabu, na yoyote itakufaa. Mimi ningechukua ruhusa, maana ndiyo anayoiomba hata mtoto wa darasa la kwanza akibanwa na haja. Hapo tumemaliza. Sasa tuje kwenye hiyo "hauna", iliyonifanya niweke kikombe chini.

Mti hauna majani. Mkono hauna pete. Mchuzi hauna chumvi. Wewe, kijana wangu, si mti wala mchuzi, wewe huna. Ha- ya kukanusha ikikutana na u- ya nafsi ya pili, zinaungana kuwa hu-: hujui, huli, huji, huna. U- ya ngeli ya mti ndiyo haikubali kumezwa, ikabaki hau-. Mbona kwa nafsi ya tatu hamkosei? Sijamsikia mtu akisema "yeye haana". Lakini juzi kwenye daladala ya Kariakoo, konda kanitikisia sarafu puani: "Mzee, hauna chenji?" Nikamuuliza anasema na mimi au na mti. Abiria wakacheka. Mimi nikapitishwa kituo.

Nilikuwa nimekwisha kunoa kalamu nikumalize na wewe, kumbe umesema kweli bila kujua, jambo linaloudhi zaidi. Tazama harusi zetu. Kosa 401 ni kufika ukumbini bila kadi, au na kadi ya harusi ya wiki iliyopita: tokeni, yaani kadi ya kidijitali ambayo programu yako huionyesha seva, haipo, au imekwisha muda. Kosa 403 ni kwamba kadi unayo na imesomeka vizuri, ila imeandikwa singo nawe umekuja na shemeji. Seva imekuelewa, inakataa tu. Yawezekana ufunguo wako, yaani msimbo unaoitambulisha programu yako kwa seva, umeruhusiwa kusoma majina na anwani za mikahawa, menyu haikutajwa. Waombe wenye API wakuongezee, kisha uchukue tokeni mpya, maana ya zamani mara nyingi huendelea kubeba ruhusa zile zile za zamani.

Kwa hiyo aliyenyimwa ni nani? Ufunguo. Na ufunguo, kwa bahati mbaya yangu, hauna ruhusa. Sarufi safi, hata mwalimu wangu wa darasa la nne angeitia tiki. Imeniuma kuiandika.

Basi iweke hivyo kwenye kumbukumbu za makosa unazosoma wewe fundi: "Ufunguo hauna ruhusa ya kusoma menyu." Mteja mwenye njaa usimtajie ruhusa kabisa, kosa si lake, tangu lini mtu akakatazwa kujua bei ya chipsi mayai? Mwandikie "Menyu haipatikani kwa sasa", ale kwa jirani. Na siku ikikulazimu kweli kumkatalia mtu, mkatalie kama mtu: huna.