Maswali Yenu: Heliamu inayoganda juu ya mrija wa kaboni

SWALI: Tulifundishwa kwamba heliamu haigandi hata ipoe kiasi gani, mpaka ibanwe kwa kanieneo ya angahewa 25 hivi. Mbona nasoma kwamba juu ya mrija wa nano wa kaboni huganda bila kubanwa? Na atomi chache hivyo huhesabiwaje?

JIBU: Kinachoibana ni kaboni yenyewe. Uso wa grafiti (kaboni ya kwenye penseli) huvuta atomi ya heliamu-4, ndiyo heliamu ya kawaida, kwa nishati inayolingana na kelvini 140 hivi. Heliamu kwa heliamu huvutana kwa kama 10 tu. Mrija wa ukuta mmoja huvuta kidogo kuliko grafiti, lakini unatosha.

Atomi za kaboni usoni zimejipanga kama sega la nyuki, na kila pembesita ni kishimo. Vishimo vimekaribiana mno, kwa hiyo atomi hukalia kimoja kati ya vitatu. Hilo ndilo yabisi la kwanza. Ongeza gesi, atomi zitasongamana na kuacha kufuata vishimo. Tabaka za juu ndizo huweza kuwa kimiminika kisicho na msuguano.

Utamu uko kwenye kuukunja uso huo uwe mrija. Mpangilio wa kimoja kwa vitatu hufunga duara pale tu tofauti ya namba mbili zinazotambulisha mrija, n na m, inapogawanyika kwa 3. Kwenye mirija mingine pande mbili hazikutani sawasawa, na nafasi tupu hubaki. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, walieleza kwamba kwa heliamu-3, aina nyepesi na adimu, nafasi hizo huhamahama, hata yabisi lenyewe likawa kama linatembea.

Kuhesabu: mrija hutandazwa juu ya mfereji kama uzi wa zeze, ukatetemeshwa kwa umeme. Heliamu inayonata huuongezea uzito, nao hutetemeka polepole zaidi. Yabisi la kwanza ni heliamu moja kwa kaboni sita, yaani 4 kwa 72 ya tungamo. Mitetemo milioni 100 kwa sekunde hushuka hadi milioni 97.3 kwa heliamu-4; kwa heliamu-3, hadi 98.0. Volti ya elektrodi iliyo chini ya mrija isibadilishwe, kwani nayo hukaza uzi.

Usijaribu kuhesabu kwa gesi uliyoingiza. Mrija wa mikromita 1 wenye kipenyo cha nanomita 2 hubeba atomi 40,000 hivi. Sentimita moja ya ujazo ya gesi, kwa milibari 1 tu, ina zaidi ya trilioni 20,000. Karibu zote hunata kwenye kuta za chombo. Ndiyo maana karatasi ya grafiti huwekwa humo: gramu moja ina uso wa mita za mraba 20 hivi, nayo hutuliza kanieneo.

Makosa mawili huharibu kazi nzima. Gesi isiyopitishwa kwenye mtego wa nitrojeni kimiminika huleta uchafu unaoziba vishimo. Na heliamu ikiingizwa chombo kikiwa baridi sana, hunata inapoangukia: pasha hadi kelvini kadhaa, kisha poza polepole.

SWALI: Heliamu ya Rukwa, Tanzania, ingefaa?

JIBU: Kwa heliamu-4, ndiyo, ikisafishwa. Hutokana na urani na thori za miambani. Heliamu-3 humo ni chembe tu. Ya maabara hutoka kwenye tritiamu (hidrojeni nzito yenye mionzi) inayooza.