Mashine inanuka uvundo na sabuni nimeongeza: kosa liko wapi?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Nina mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, kilo 7, inaingia mwaka wa tatu. Nafulia nguo za nyumbani pamoja na aproni na vitambaa vya mgahawani kwangu, ambako tunapika migebuka na dagaa kwa mawese. Nafua kwa maji ya baridi ili kuokoa umeme. Tangu mwezi uliopita nguo zinatoka na uvundo, kama tambara lililolala na maji. Nimeongeza sabuni ya unga, nikakwangulia na ya mche juu yake, hali imezidi. Raba ya mlangoni imeweka madoa meusi. Jirani ananishauri nimimine jiki na siki kwa pamoja, niiendeshe tupu. Nifanye hivyo?
Mama lishe, Mwanga, Kigoma

JIBU

Salama, mama. Hilo la jirani usilifanye. Jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo lenye kidirisha kimoja gesi hiyo inachoma macho na kifua kabla hujafika mlangoni. Ndimu na asidi ya sitriki ni hivyo hivyo. Kila kimoja kina kazi yake, na siku yake.

Uvundo wako umeanzia kwenye mawese. Unalijua dumu lililolala nje usiku wa baridi: asubuhi mafuta yameganda, humimini mpaka ulipashe. Mawese huyeyuka vizuri kuanzia nyuzi 35 au zaidi kidogo, ilhali maji ya ziwa yanayofika bombani hata 30 kwa kawaida hayafiki. Kwa hiyo ukifua aproni kwa baridi, mafuta yanabanduka nusunusu halafu yanatafuta pa kushika. Pipa unaloliona, lile la chuma lenye matundu, limekaa ndani ya beseni kubwa la plastiki usiloliona. Kati ya hivyo viwili kuna nafasi nyembamba, na ndimo mafuta, sabuni na nyuzi za nguo hujipaka na kuwa ukoga. Ukoga huo hubaki na unyevu muda wote, bakteria wanaula, na harufu ni yao.

Sabuni uliyoongeza imewanenepesha tu. Ya mche ndiyo mbaya zaidi hapo Kigoma, kwa sababu maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi, ni maji magumu. Sabuni ya mche ikikutana nayo hugeuka utando wa kijivu usioyeyuka, ule unaobaki ukizunguka beseni ukishamwaga maji. Mkononi unausugua ukaisha. Nyuma ya pipa hakuna mkono unaofika. Na sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono ina povu jingi mno: nguo zinaelea badala ya kupigwa, pampu inavuta povu badala ya maji, suuza haikamiliki.

Sasa usafi. Anza na filta ya pampu, kwa sababu ukitangulia na maji ya moto, uchafu utakaobanduka utakuta njia imeziba. Chomoa umeme, funga bomba, na kama umetoka kufua subiri maji yapoe. Chini mbele, kwa kawaida upande wa kulia, kuna kifuniko kidogo. Tandika tambara, weka sinia pana. Kama kuna kimpira chembamba pembeni, kitoe kizibo maji yamwagikie kwenye sinia. Kisha zungusha filta kinyume cha saa, robo kwa robo, ukiacha maji yatoke kabla ya kuendelea. Ukiifungua yote kwa mkupuo, utadeki bafu zima. Mulika tochi kwenye tundu: kuna kipangaboi kidogo cha pampu, kisukume kwa kijiti uone kama kinageuka. Hakigeuki laini, kinarukaruka kidogo kwa sababu ya sumaku, usishtuke. Nyuzi za kitenge na nywele hujiviringisha hapo, na sarafu na vibanio hukwama. Osha filta kwa brashi na maji ya uvuguvugu, irudishe na uikaze mpaka mwisho.

Raba ya mlangoni ivute kwa vidole ufungue mkunjo wake wote, hasa wa chini. Utakuta maji ya kijivu na kamasi. Pangusa kwanza kwa tambara lenye sabuni. Kwa madoa meusi, ambayo ni kuvu, changanya jiki kipimo kimoja na maji vipimo kumi, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika 10 hadi 15, kisha pangusa kwa maji safi mara mbili au tatu. Vaa glavu, fungua dirisha. Doa lililoingia ndani ya raba huenda lisitoke lote. Hilo ni la sura tu, maadamu haitelezi wala hainuki. Droo ya sabuni ichomoe yote, uiloweke na kuisugua, na usisahau dari ya tundu lake, kwani koga hujificha hapo juu.

Kisha moto. Pipa tupu, vijiko vikubwa vinne vya sabuni ya unga ya mashine, programu ya pamba nyuzi 90. Kama yako inaishia 60, iendeshe mara mbili. Ikimaliza, fungua filta tena. Ukikuta vipande vyeusi au vya kijivu vilivyo kama utando wa maziwa, ukoga ndio unaobanduka. Rudia kesho mpaka filta itoke safi. Usiogope umeme: kupasha lita 15 za maji mpaka 90 kunakula uniti moja na kidogo. Cha kuogopa ni waya. Hita huvuta wati 2000 hivi, kwa hiyo chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ethi, si kwenye ekstensheni ya waya mwembamba inayoendesha na friji.

Maji magumu yana deni lingine, nalo liko kwenye hita. Mulika tochi kupitia matundu ya chini ya pipa; kwenye mashine nyingi utaiona hita imelala hapo. Ikiwa imevaa ukoko mweupe kama wa ndani ya birika, siku nyingine (si siku ya jiki) weka gramu 100 za asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu wa waokaji, ndani ya pipa tupu. Endesha nyuzi 60 bila sabuni, kisha suuza mara moja. Usizidishe moto, kwa sababu kwenye moto mkali asidi hiyo na chokaa hutengeneza chumvi nyingine isiyoyeyuka kirahisi. Mara moja kwa miezi mitatu au minne inatosha. Kila wiki ni kuitesa raba, na ule msalaba wa aluminiamu unaoshika pipa kwa nyuma.

Baada ya hapo, aproni zisikutane tena na nguo za watoto. Zipanguse mafuta mazito, ziloweke nusu saa kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, mwaga maji hayo nje, ndipo ziingie mashine kwa nyuzi 60. Nguo za kawaida 40 zinatosha, vijiko vikubwa vitatu vya sabuni ya mashine. Acha nafasi ya kiganja kati ya nguo na dari ya pipa. Kilo 7 zilizoandikwa mlangoni ni za pamba kavu, si za vitambaa vya jikoni. Kilainisha nguo pia ni jamii ya mafuta, nacho huongeza utando, binafsi ningekiacha. Ukimaliza kufua, toa nguo papo hapo, pangusa raba, acha mlango na droo wazi. Kama kuna watoto wadogo, wasibaki na mashine iliyo wazi bila mtu mzima.

Maji yakikatika na kurudi, kwanza kinga ndoo mpaka yatoke meupe, kwa sababu tope la mwanzo huishia kwenye kichujio kidogo nyuma, pale mpira wa kuingizia maji unapofungwa. Ukiona maji yanaingia kwa kusuasua na sabuni inabaki droo imeganda, funga bomba, fungua mpira huo, vuta kichujio kwa koleo na ukisugue kwa mswaki wa zamani.

Ikiwa baada ya 90 mara tatu bado inanuka, nusa vizuri. Harufu ya choo si ukoga, ni mpira wa kutolea maji. Ncha yake isizamishwe kwenye bomba la maji machafu zaidi ya sentimita 15, na ining'inizwe sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, isije ikanyonya kilichomo humo. Bado ni uvundo ule ule? Basi ukoga umekauka nyuma kwenye msalaba, na hapo beseni lifunguliwe na fundi. Akiwa amefungua, mwombe atazame na beringi. Ukishika mdomo wa pipa ukalinyanyua juu na chini likacheza peke yake bila beseni, au likikamua linanguruma kama lori, beringi zimekwisha, na kuzibadilisha wakati beseni liko nje kutakuokolea ufundi wa mara ya pili.