Mumeo hajakuchoka, umemficha hesabu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, naishi Firenze, Italia. Nashona mikoba ya ngozi kwa mikono yangu na kuiuza kwa jina langu; picha na bei naziweka mtandaoni. Kazi ya ngozi nilisomea Mwanza, nikaja huku kuongeza ujuzi, nikabaki. Mume wangu ni mwalimu wa hisabati Morogoro, anaishi na watoto wetu wawili pamoja na mama yake. Pesa natuma kila mwezi. Zamani nilipata pia oda za kushona kutoka karakana za Scandicci, mji ulio jirani na Firenze, zikakatika mwaka 2024, lakini biashara yangu haijambo. Tatizo ni mama mkwe. Amemjaza mume wangu maneno kwamba nina mwanamume huku. Sasa mume anauliza pesa zinakwenda wapi, na ametamka kwamba nirudi au kila mtu ashike njia yake. Nilimtumia mama mkwe mkoba wa bei, hata hajaubeba. Nifanyeje mume aache kumsikiliza mama yake?*

Marahaba, mwanangu. Kulala mbali na watoto uliowazaa ni uchungu, na kwa hilo nakupa pole. Sasa tuseme ukweli.

Kuna sentensi moja umeipitia mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Umesema oda za Scandicci zilikatika mwaka 2024, kisha hapo hapo ukarukia kwa mama mkwe. Mimi nimesimama pale pale ulipokimbia. Karakana za Scandicci zinashonea majina makubwa ya mitindo, na mwaka ule majina hayo yalipunguza oda, mafundi wengi wa Toscana, mkoa wenu huo wa Firenze, wakakaa bila kazi. Kwa fundi wa kujitegemea kama wewe, oda zile ndizo hulipa kodi ya chumba miezi ya Januari na Februari, watalii wanapopungua. Zimekwenda. Halafu unaniambia biashara haijambo?

Haijambo kwa nani? Nadhani ndivyo ulivyomwambia mumeo. Unamwekea picha za mikoba mtandaoni, bei umeiandika pale pale, euro 280. Yule ni mwalimu wa hisabati, mwanangu. Amebadilisha kuwa shilingi, akapata karibu laki nane kwa mkoba mmoja, akazidisha kwa mikoba anayoiona, kisha akaangalia unachotuma. Haziendani. Ulitaka awaze nini? Mwanamume yeyote mwenye akili atajiuliza tofauti ile anakula nani. Wazo la mwanamume mwingine halikuhitaji kutoka kwa mama yake. Limetoka kwenye picha zako.

Asichokiona ni hiki. Mkoba mmoja wa kushona kwa mkono, sindano mbili na uzi wa nta, unaweza kukukalisha kitini siku mbili tatu: kukata, kupunguza unene wa kingo, kutoboa kwa msharasi, kushona, kupaka rangi ukingo na kuusugua, kisha kurudia. Ngozi nzuri ni ghali, bizimu na zipu vilevile. Mwenye duka anayekuuzia anachukua fungu lake. Na serikali ya kule inamtoza fundi aliyejisajili mchango wa pensheni ambao kwa kawaida unazidi euro 4,000 kwa mwaka, kwa awamu nne, hata kama hujauza kitu. Ukitoka nje, masoko kama San Lorenzo yamejaa mikoba ya bei ya chini, na mtalii asiyejua ngozi anadhani kazi yako na ile ni moja. Mambo haya yote unayajua kuliko mimi. Kwa nini mumeo hayajui?

Kwa sababu umeona aibu. Uliondoka nyumbani ukiahidi makubwa, na kukiri kwamba mwezi mwingine unakopa ili utume nyumbani kumekushinda. Mficha uchi hazai, mwanangu. Umemficha mtu pekee ambaye angeweza kukusaidia kupiga hesabu.

Kuhusu mama mkwe, niko upande wake, na sitaki kuzunguka. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na wa kwako analelewa na yeye. Nani anawaamsha asubuhi? Nani anakaa na mtoto mwenye homa usiku? Barua yako nzima imemtaja mara nyingi, hakuna mahali umemshukuru. Badala yake umemtumia mkoba wa kubebea mitaa ya Firenze, ukahesabu siku ambazo hajaubeba. Mama anayekimbizana na wajukuu aubebe kwenda wapi? Sokoni, uloe maji ya samaki? Huenda ameutunza kabatini kwa sababu ameona ni kitu cha thamani.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza kwa jambo hili. Simu zimejaa, ukweli umepungua. Wazee wetu walikwenda manamba kwenye mkonge, barua ikafika baada ya miezi, lakini ikisema mshahara umekatwa, mke alijua umekatwa na akapunguza sukari. Leo mume na mke wanaonana usoni kila jioni, na kila mmoja amejipanga mbele ya kamera. Mke anageuza simu ili chumba kidogo kisionekane. Mume naye anaficha deni la ada. Kisha wote wawili wanashangaa kwamba wamekuwa wageni. Umbali nimeona watu wengi wakiuvumilia. Kudanganywa wakiwa mbali, hapana.

Kwa hiyo acha kuniuliza jinsi ya kumtenganisha mtu na mama yake. Chukua daftari lako la mauzo ya mwaka mzima, lipige picha ukurasa kwa ukurasa, mtumie mumeo. Mapato, ngozi, kodi ya chumba, mchango wa pensheni, madeni. Muombe akupigie hesabu. Hiyo ndiyo kazi yake, na atakuona upya.

Baada ya hapo amueni pamoja, kwa tarehe. Kumhamishia mumeo na watoto huko Italia kunahitaji uthibitishe kipato cha kutosha na nyumba inayofaa, na daftari litawaonyesha kama mnafikia. Kama hamfikii, kurudi si aibu. Mwanza bado wanafundisha ngozi, na Njombe wanatoa magome ya miti ya miwati kwa dawa ya kusindikia ngozi, dawa ya aina inayotumika hata katika viwanda vya Toscana. Ila nisikudanganye: mteja wa Morogoro hatakupa laki nane kwa mkoba, kwa hiyo kabla hujafunga chumba tafuta kwanza wanunuzi wa huko watakaoagiza ukiwa huku nyumbani.

Kama kweli yupo mwanamume huko, hukuniandikia, na ushauri wangu wote huu haukufai. Kama hayupo, mpigie mumeo Jumapili hii. Akikuuliza kwa nini ulimficha, mjibu. Na mama yake usimtaje kwenye jibu hilo.