Weupe wa Ol Doinyo Lengai

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma kidato cha nne hapa Arusha. Tumeona picha ya zamani ya kilele cha Ol Doinyo Lengai, ndani ya kasoko (lile shimo la kileleni) kote kweupe. Rafiki yangu ameshikilia kwamba ni theluji kama ya Kilimanjaro. Mimi namwambia mlima unaotema lava hauwezi kuwa na theluji. Nani kapatia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umepatia wewe, ila sababu yako ina kasoro: Cotopaxi kule Ekwado ni volkano hai na barafu inayo. Lengai una kama mita 2,960 tu, na kwa huku karibu na ikweta kimo hicho hakitoshi kutunza theluji. Weupe ule ni lava yenyewe.

Nilipanda miaka ya 1990, kasoko lilipokuwa likijaa. Lava niliyoiona ilikuwa nyeusi, inateleza kama oili chafu ya gari, wala haikuwaka wekundu mchana. Joto lake halifiki nyuzi 600 za Selsiasi, ilhali lava ya basalti hupita 1,100. Nikachukua kipande kilichopoa, nikakifunga kwenye kitambaa. Siku chache baadaye nilikuta unga mweupe. Niliumia sana, maana ile safari nilikuwa nimeingoja miaka. Tangu hapo sampuli ya namna hiyo naiziba kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Sababu iko kwenye madini yake. Lava nyingi duniani hujengwa na silika, kitu kilekile kinachounda mchanga wa kawaida na kioo. Hii karibu haina. Imejaa kaboneti (chumvi zenye kaboni na oksijeni) za sodiamu na kalsiamu, na moja ya madini yake makuu ni nyerereiti, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere. Madini hayo hayavumilii unyevu. Yakiupata hugeuka, na sehemu ya yanayozaliwa ni magadi, jamii ileile ya magadi unayoyajua jikoni. Ndiyo maana saa chache tu zinatosha lava nyeusi kuanza kuparara. Mwanajiolojia J. B. Dawson aliitambua lava hii mwaka 1960, na hadi leo hakuna volkano nyingine hai inayoitoa. Jina la lava hiyo ni natrokabonatiti.

Inatoka wapi? Chini sana, mwamba wa tabaka la kati la dunia huyeyuka kidogo tu, na umajimaji huo mchache hukusanya sodiamu, potasiamu na gesi ya kaboni. Ukipanda na kupoa, wataalamu wengi tunaona hujitenga pande mbili kama mafuta na maji: upande mmoja kaboneti, upande mwingine nefeliniti, mwamba wenye silika haba.

Na hapa naomba msisitizo, kwa sababu vijana wengi hupitwa: mwili mkubwa wa Lengai umejengwa na nefeliniti na fonoliti, mwamba mwingine wa volkano wenye silika. Ile lava nyeusi ni utandu wa juu tu. Mkienda na mwalimu wenu, kasoko liacheni. Tafuteni mabondeni chini ya mlima jiwe la kijivu lenye chembe za nefelini, madini yaliyoipa nefeliniti jina. Hilo ukiliweka kabatini, mwakani utalikuta vilevile.